Lambo la udongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tuta, kuogelea, uvuvi na mapumziko

Majibu haya yanahusu malambo madogo kama yaliyotapakaa Dodoma, Singida, Shinyanga na Simiyu: tuta la udongo la mita nne au sita, mara chache kufika kumi, maji ya mifugo na bustani, vijana wanaoogelea Jumapili, na kamati ya maji ambayo mfuko wake hautoshi hata kununua jembe jipya. Mwenye bwawa la shambani Kenya au Uganda atakuta mengi yanamfaa, ila kwenye sheria aangalie za kwake.

Lambo letu limesimama tangu enzi za wazee. Kuna haja gani ya kulikagua?

Haja ipo, tena kubwa kuliko kwa lambo jipya. Ndani ya tuta kuna bomba la chuma linaloliwa na kutu, kuna mizizi iliyooza, na kuna mchwa ambao hawajawahi kwenda likizo. Bwawani nako tope linaongezeka kila msimu wa mvua. Bwawa la Hombolo, Dodoma, lililojengwa mwaka 1957, limepoteza sehemu ya ujazo wake kwa sababu hiyo hiyo, na malambo madogo hujaa upesi zaidi. Kadiri tope linavyopanda, nafasi ya kupokea mafuriko inapungua. Mvua ambayo lambo liliibeba bila shida miaka ishirini iliyopita sasa inafika utoroni, yaani kwenye njia ya kumwagia maji yaliyozidi, mapema na kwa nguvu zaidi.

Tena lambo lililochimbwa mwaka 2005 halikuziona mvua za El Niño za 1997 na 1998. Waulizeni wazee mwaka ule maji yalifika wapi korongoni, mkaweke alama kwenye mti au jiwe. Ni kipimo cha bure, na fundi yeyote atakayekuja kuwashauri atakitaka.

Tuta la udongo hubomokaje?

Hubomoka maji yanapopita mahali ambapo hayakupangiwa, na hilo hutokea kwa njia kuu mbili.

Njia ya kwanza ni juu ya tuta. Udongo ulioshindiliwa vizuri unaweza kukaa na maji miaka na miaka, lakini hauhimili maji yanayokimbia. Yakishavuka kilele yanateremka upande wa nje yakichota udongo, panafanyika mfereji, mfereji unarudi nyuma hadi bwawani, na hapo magunia ya mchanga hayasaidii tena. Kwa sababu hiyo lambo huwekewa utoro wa maji pembeni, kwenye ardhi ya asili, na kilele cha tuta hujengwa juu zaidi ya sakafu ya utoro. Kwa malambo mengi madogo tofauti hiyo haipaswi kupungua mita moja.

Njia ya pili ni ndani kwa ndani. Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo, na hilo peke yake si ugonjwa. Ugonjwa unaanza pale maji hayo yanapobeba chembe za udongo. Kitobo huanzia upande wa nje na kurudi taratibu kuelekea kwenye maji, hasa kando ya bomba, kwenye mizizi iliyokufa au kwenye njia za mchwa, na kikishaungana na bwawa, saa chache zinatosha kumaliza kazi. Bwawa la Teton huko Idaho, Marekani, lilikuwa la udongo, refu kupita mita 90, limesanifiwa na wahandisi wa serikali na ndiyo kwanza lilikuwa likijazwa. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 waliona maji ya tope yakitoka upande wa nje. Kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika. Watu 11 walikufa.

Ipo na ya tatu, ambayo watu hawaitarajii: mteremko wa ndani kuporomoka baada ya maji kushushwa haraka. Udongo unabaki umelowa na mzito huku maji yaliyokuwa yakiuegemea yameondoka. Mkishusha maji kwa ajili ya matengenezo, punguzeni sentimita 30 hivi kwa siku, au chini ya hapo.

Dogo kama hili linaweza kuua watu kweli?

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katika msimu wa mvua kubwa, tuta la bwawa la shambani lilikatika Solai, kaunti ya Nakuru, Kenya. Waliokufa hawakupungua 47, wengi wao wakiwa majumbani. Marekani nako, usiku wa manane wa tarehe 6 Novemba 1977, tuta la Kelly Barnes kule Toccoa, Georgia, lenye urefu wa mita 12 hivi, lilivunjika juu ya chuo na kuua watu 39. Bwawa lile wakati huo lilikuwa la kutazama na kupumzikia tu.

Kwa hiyo urefu wa tuta hausemi mengi. Tazameni kilicho chini yake. Lambo la mita tano lenye nyumba kumi kwenye korongo lake ni la hatari kuliko la mita kumi linalomwaga mbugani. Na mara nyingi kijiji ndicho kinachosogea: lambo linachimbwa porini, baada ya miaka watu wanajenga chini ya tuta kwa sababu ndiko kwenye bustani na maji ya karibu. Serikali ya kijiji iwe kali wakati wa kugawa viwanja, kwa maana kumhamisha mtu aliyekwisha kupaua ni ugomvi wa miaka.

Nyasi chini ya tuta ni mbichi hata mwezi wa tisa. Ni dalili mbaya?

Si lazima. Chukueni chupa ya plastiki isiyo na rangi, kingeni maji yanayochuruzika, muiache imetulia kivulini kwa nusu saa. Kitako kikibaki safi, hayo ni maji ya kupenyeza ya kawaida: zungusheni vijiti kwenye mpaka wa unyevu ili mwone kama unapanuka, na kila wiki pimeni ndoo ya lita kumi inajaa kwa muda gani. Andikeni pia kina cha maji bwawani siku hiyo. Kuvuja kukiongezeka ilhali bwawa liko pale pale, hapo pana jambo.

Kitako kikiwa na tope au mchanga mwembamba, msisubiri kikao. Fungueni bomba la kutolea maji, waambieni walio chini ya tuta wahame, na piga simu siku hiyo hiyo. Wakati mnamsubiri mtaalamu, msizibe kitobo kwa mfinyanzi upande wa nje. Karibu kila mtu hukimbilia huko, na ni kosa, kwa sababu maji yatatafuta njia nyingine na yatatokea kwa nguvu zaidi. Funikeni mahali pale kwa mchanga mnene, juu yake kokoto, juu yake mawe, ili maji yaendelee kutoka lakini udongo ubaki ndani. Hii ni kazi ya watu wawili watatu, wengine wakae mbali.

Mvua zikija samaki wetu wanatorokea utoroni. Tuweke wavu?

Hapana. Kati ya maswali yote hili ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu linaulizwa na watu wenye nia njema.

Jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilikuwa na bwawa la udongo lililoitwa South Fork, tuta la mita 22 hivi. Lilijengwa kwa ajili ya mfereji wa usafiri, likaachwa, likauzwa. Mmiliki mmoja aling'oa mabomba ya chuma ya kutolea maji akayauza kama chuma chakavu. Baadaye likanunuliwa na klabu ya matajiri wa Pittsburgh, Andrew Carnegie na Henry Clay Frick wakiwemo, wakaligeuza mahali pa mapumziko: nyumba za kifahari ukingoni, mashua, uvuvi. Walishusha kilele cha tuta ili magari ya farasi yapate kupishana juu yake. Wakaweka wavu wa chuma utoroni ili samaki wao wasiondoke na maji. Mabomba hawakuyarudisha. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, takataka ziliziba ule wavu. Walipohangaika kuutoa walishachelewa. Maji yakapita juu ya tuta, tuta likaenda, na katika mji wa Johnstown na vitongoji vyake wakafa watu 2,209.

Hapakuwa na mtu aliyetaka kubomoa kitu. Walitaka barabara nzuri na samaki wengi, basi. Mambo yale yale, kwa kiasi kidogo, nimeyakuta kwenye malambo yetu: uzio wa miiba utoroni, chandarua kuukuu, fito za kutegea kambare. Kisiki kimoja na mzigo wa mabua vinatosha kuziba.

Kama mnafuga perege kwa dhati, wawekeni kwenye vizimba ndani ya bwawa. La sivyo, wanaokwenda na maji waacheni waende.

Na magunia ya mchanga utoroni, ili maji yadumu hadi Novemba?

Jibu ni lile lile, na hesabu yake ni fupi. Ikiwa tuta liko juu ya utoro kwa mita moja, nanyi mkapandisha utoro sentimita 60, mmebakiwa na sentimita 40 za kupokea mafuriko pamoja na mawimbi ya upepo. Tena faida yenyewe ni ndogo, kwa maana kanda hii jua hukausha maji kiasi cha mita mbili hivi kwa mwaka. Mnaotaka maji zaidi zuieni mmomonyoko huko juu yanakotoka, au ombeni tuta na utoro vipandishwe kwa pamoja kwa ramani ya mhandisi.

Bodaboda wanapita juu ya tuta, ng'ombe nao wanalipanda. Kuna ubaya?

Upo. Pikipiki zikipita kila siku zinachimba mfuo, mfuo unakusanya maji ya mvua, na mwisho panakuwa na mahali palipodidimia. Kimo cha tuta ni kimo cha mahali hapo, hata kama kwingine kote liko juu. Si rahisi kuliona kwa macho. Azimeni mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule unaopita mwanga, mpime kilele mita kumi kumi kutoka mwanzo hadi mwisho. Nimeona tuta lililoonekana limenyooka likiwa na bonde la sentimita 35 katikati, pale pale kwenye kichochoro cha pikipiki. Pajazwe udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe kabla ya kuweka jingine. Kifusi cha kumwaga tu kutoka kwenye lori hakisaidii.

Ng'ombe wapelekewe maji kwa bomba hadi kwenye mbauti (birika la kunyweshea) nje ya lambo. Wakishuka wenyewe wanavuruga mteremko kwa kwato, wanaua nyasi, na wanayachafua maji. Uzio wa minyaa ni wa bei nafuu na unashika haraka, ila wapandaji wajihadhari na utomvu wake machoni.

Tupande miti ya kivuli juu ya tuta kwa ajili ya wageni?

Msipande. Mti ukiwa hai unatikiswa na upepo na kulegeza udongo. Ukifa, mizizi yake inaoza na kuacha vitobo virefu. Juu ya tuta panafaa ukoka au nyasi nyingine fupi zinazotambaa. Kivuli pandeni pembeni, kwenye ardhi ya asili, mbali na tuta na utoro. Miti mikubwa ambayo tayari ipo msiing'oe wenyewe. Mwiteni mtu anayejua, maana shimo la kisiki nalo linahitaji kushindiliwa upya.

Kuna vichuguu viwili kwenye mteremko wa nje, na mashimo ya kenge.

Kichuguu chimbueni chote hadi kwenye malkia, kisha jazeni kwa mfinyanzi wa kushindilia, kazi ifanyike kiangazi maji yakiwa chini. Kumwagia dawa juu juu hakutoshi na dawa yenyewe itaishia bwawani. Mashimo ya kenge, panya na kaa hujazwa vivyo hivyo. Fyekeni tuta mara mbili kwa mwaka angalau, kwani mashimo hayo huwezi kuyaona kwenye nyasi za kufika kiunoni.

Watoto wanaogelea tangu zamani. Tuwakataze?

Marufuku tupu haijawahi kumzuia mtoto wa miaka kumi siku ya joto. Afadhali mjue hatari iko wapi, mchague mahali, na muwe na mtu mzima hapo.

Hatari kubwa kwenye malambo yetu ni mashimo yaliyochimbwa udongo wa kujengea tuta. Wakati wa ujenzi, katapila lilichota mfinyanzi humo humo ndani ya bwawa, na mashimo yakaachwa na kingo zake zilizosimama. Mtoto anatembea maji yakiwa magotini, hatua inayofuata hakuna chini. Maji ya lambo ni ya rangi ya maziwa ya chai, hayaonyeshi kitu. Kiangazi, lambo likiwa limepungua, pitieni mkahesabu mashimo, muyachore kwenye daftari la kamati, mpige nguzo ndefu kwenye kingo zake ili zionekane maji yakirudi. Bora zaidi, sawazisheni kingo za yale yaliyo karibu na ukingo.

Ya pili ni tope. Kwenye mdomo wa korongo linaloingiza maji tope hukaa kama uji, na anayenasa humo hadi mapajani hatoki peke yake. Ya tatu ni bomba la kutolea maji: likiwa wazi linavuta, na mguu au nguo ikikamatwa mlangoni pake aliye juu hawezi kumvuta mtu. Ya nne ni utoro ukiwa unamwaga. Vijana huupenda kwa kuteleza. Maji ya kufika magotini yanayokimbia yanamwangusha mtu mzima.

Mahali pa kuogelea pawe pembeni, penye mteremko mpole na mchanga chini, mbali na tuta, bomba, utoro na korongo. Fungeni kamba yenye madumu matupu kuonyesha mwisho. Kujirusha kichwa chini kusiruhusiwe popote, kwa kuwa kina cha lambo hubadilika kila mwezi. Na waliokunywa wakae nchi kavu.

Mtu akizama, nani aingie?

Asiingie mtu kwanza. Anayezama humkumbatia mwokoaji, na mara nyingi hufa wote wawili, kaka na mdogo wake, mama na mwanawe. Mrushieni kitu kinachoelea. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko linamshikilia mtu mzima juu ya maji. Lifungiwe kamba ya mita 20 au 30 na litundikwe hapo hapo ukingoni, lisifungiwe stoo ya mwenyekiti. Fito ndefu, khanga zilizounganishwa, tawi, chochote.

Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlazeni chali mahali pagumu, inueni kidevu, zibeni pua, mpulizieni pumzi tano mdomoni, kisha mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, pumzi mbili, tena 30, bila kukoma hadi apumue au msaada ufike. Hata akizinduka apelekwe hospitali, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumzidia saa kadhaa baadaye. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Vipi kuhusu kichocho?

Lambo lenye majani ukingoni na konokono wadogo ni nyumba yake. Mtu mwenye kichocho akikojoa au kujisaidia majini au kando yake, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwenye konokono, na baadaye vinatoka kwa maelfu kutafuta ngozi ya binadamu. Vinaingia kwa dakika chache tu, hata bila jeraha. Hutoka zaidi jua likiwa kali, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, saa zile zile ambazo watoto hupenda kuogelea.

Choo kiwepo mbali na ukingo, na shimo lake lisichimbwe hadi chini ya usawa wa maji ya lambo. Ondoeni majani mahali pa kuogelea, maana konokono hukaa humo. Maji ya kuoga yakitekwa na kukaa kwenye chombo kisicho na konokono siku mbili nzima, vijidudu vinakuwa vimekufa. Kuwasha baada ya kutoka majini, homa wiki kadhaa baadaye, au damu kwenye mkojo ni sababu ya kwenda zahanati. Dawa ni praziquantel, hutolewa kwa uzito wa mtu, na kwenye maeneo yenye kichocho watoto hupewa mashuleni. Ila ukitibiwa na kurudi kwenye maji yale yale unaambukizwa upya.

Maji yamegeuka kijani kama rangi ya kupaka. Tunaweza kuogelea?

Hapana, na mifugo isinywe. Utando wa kijani unaokusanyika upande unaovumia upepo unaweza kuwa na sumu inayoua mbwa na ndama. Chanzo ni mbolea na samadi inayosombwa na mvua. Pampu za kupulizia dawa za mazao nazo zisisafishwe lamboni. Hili sihitaji kulieleza zaidi.

Je, tuogope mamba na viboko?

Panapojulikana kuwa nao, au palipo karibu na mto wenye nao, ndiyo, na hapo hakuna cha kuogelea. Toeni taarifa kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Mamba husafiri wakati wa mafuriko, kwa hiyo baada ya mvua kubwa lambo lililokuwa salama mwaka jana litazamwe upya kabla ya kuruhusu watu.

Mtumbwi na uvuvi wa ndoano vinaruhusiwa?

Kijiji kikikubali na taratibu za uvuvi za halmashauri zikifuatwa, ndiyo. Kila aliye mtumbwini avae jaketi okozi, avae na si kulikalia. Malambo mengi ni madogo kiasi kwamba watu huona ni kichekesho kuvaa. Wanasahau kuwa mtumbwi wa gogo ukipinduka mita 15 kutoka ukingoni, asiyejua kuogelea yuko mbali kabisa. Radi ikianza, tokeni majini, na walio juu ya tuta washuke. Wavuvi wa ndoano wasikate ngazi za kukalia kwenye mteremko wa tuta.

Mwekezaji anataka kujenga baa na vibanda vya nyama choma kando ya maji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingoni, na mabwawa yamo. Kwa hiyo mchoro wake uanze na mita hizo, si mwishoni aje kuomba huruma. Vyoo, majitaka ya jikoni na maegesho viwe kwenye mteremko unaoelekea kwingine. Magari yasioshwe utoroni.

Jiji la Nairobi lina funzo lake. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953, lilikuwa mahali pa mashua za tanga. Maji machafu na taka za jiji viliingia, magugu maji yakafuata, na leo hakuna anayefikiria kuogelea pale. Baa moja haifanyi hivyo. Baa tano zisizo na mashimo ya majitaka zinaanza.

Mvua kubwa usiku, maji yanakaribia kilele. Tufanye nini?

Kwanza watu. Walio chini ya tuta waamshwe na wapande juu pembeni, si kukimbia kufuata korongo. Filimbi, kengele, kipaza sauti cha msikiti au kanisa, chochote ambacho kijiji kilikubaliana kabla. Kama hamjakubaliana, ajenda ya mkutano ujao mnayo.

Utoro ukiwa umezibwa, ondoeni takataka mkiwa pembeni, kwa fito na kamba, na aliye karibu na maji afungwe kamba kiunoni. Asitembee mtu juu ya tuta kuangalia. Msikate tuta ili kupunguza maji, kwani mtakuwa mmeanza wenyewe kazi mnayoiogopa. Piga 114, mjulisheni mtendaji na Bodi ya Maji ya Bonde.

Mwenye wajibu ni nani hasa, kijiji au serikali?

Mmiliki, awe kijiji, shule, misheni au mtu binafsi. Kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 na kanuni za usalama wa mabwawa za mwaka 2013 zinasimamiwa na Wizara ya Maji, na huku chini mlango wa kugonga ni Bodi ya Maji ya Bonde. Mabonde yapo tisa. Mkoa wa Dodoma umegawanyika: upande wa mto Kinyasungwe uko Wami/Ruvu, upande wa Bahi uko Bonde la Kati. Maji ya mto Simiyu ni ya Bonde la Ziwa Victoria. Andikeni barua, ambatanisheni picha za tuta, utoro na bomba, na taja nyumba ngapi ziko chini. Barua yenye picha hujibiwa upesi kuliko malalamiko ya mdomo.

Kamati inaweza kutoza kiingilio siku za sikukuu?

Inaweza, ikiwa kuna sheria ndogo iliyopitishwa kihalali na stakabadhi zinatolewa. Ila mkichukua hela ya mtu mmechukua na wajibu: awepo mtu wa kuangalia waogeleaji tangu wanafika hadi jua linazama, na idadi ya wanaoingia majini iwe ile anayoweza kuihesabu kwa macho. Fedha za mwanzo msizipeleke kwenye viti na muziki. Nunueni kamba, madumu sita, jaketi okozi za kutosha mtumbwi wenu, mbao tatu za maandishi makubwa za kuweka tutani, utoroni na penye bomba, pamoja na mafyekeo. Zikibaki, mlipeni mhandisi aje kulitazama tuta kabla ya mvua za Novemba.